Gari la spoti lenye kilomita chache nalo hukaguliwa

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Arusha na Moshi unadai gari la spoti lililotumika, likiwa na kilomita chache, halihitaji fundi. Si kweli. Kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Hata zikiwa za kweli, mipira na sili (vizuizi vya uvujaji) huchakaa kwa umri pia, hasa gari likikaa muda mrefu bila kutembea.

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, maana injini ikiwa ya baridi haifichi mengi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba inaunguza oili. Fundi wako, si wake, akague uvunguni. Linganisha kilomita na uchakavu wa pedali na usukani.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kilomita chache ni dalili njema kweli, ila ni dalili tu. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Unaweza kumpotezea mtu akiba ya miaka.