Kushinda kwa udi na uvumba: wanayoamini wakubwa kuhusu michezo ya watoto

"Mtoto asipozoeshwa kushinda mapema, hatakuwa bingwa."

Hii ndiyo kauli inayosikika zaidi pembeni mwa uwanja, na Norway inaitia doa kubwa. Mwaka 1987 nchi hiyo iliweka kanuni za haki za watoto michezoni. Baadaye zikafikia hapa: hakuna msimamo wa ligi wala orodha ya matokeo kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa husubiri hadi 13. Watoto waliolelewa hivyo walikwenda Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022 wakarudi na dhahabu 16, idadi ambayo hakuna nchi iliyokuwa imeifikia. Sisemi kanuni ndizo zilizoleta medali; theluji wanayo, na fedha pia. Ila mtu hawezi tena kudai kwamba bila kumfokea mtoto wa miaka 8 hapatikani bingwa.

"Bila kombe watoto hawatajituma."

Waache wacheze peke yao nusu saa, kisha waulize matokeo. Magoli wamehesabu wenyewe, na wanabishana kuhusu moja.

"Watoto wa siku hizi ndio hawana adabu."

Mwaka 2001 mrusha mpira wa timu ya besiboli ya Bronx, New York, alitamba kwenye mashindano ya dunia ya Little League, yaani besiboli ya watoto, ambayo umri wa mwisho ulikuwa miaka 12. Baadaye ikabainika ana 14, na ushindi wote wa timu ukafutwa. Aliyeshtakiwa kwa kughushi cheti cha kuzaliwa ni baba yake. Ndivyo ilivyo kwa vijeba, yaani wachezaji waliopunguziwa umri, popote: nyuma ya kila kijeba tafuta mkubwa aliyeandika tarehe. Hadi FIFA ikalazimika kuanza kupima vifundo vya mikono kwa mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili, ili kubaini waliozidi umri kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Na anayelipia udanganyifu huo ni yule wa umri halali aliyeachwa nje ya kikosi, ambaye jina lake halitajwi na mtu.

"Uungwana ni kwa wasio na uwezo wa kushinda."

Desemba 2012, kwenye mbio za nyika huko Navarra, Hispania, Mkenya Abel Mutai alipunguza mwendo mita chache kabla ya utepe akidhani amemaliza. Iván Fernández Anaya, aliyekuwa nyuma yake, angeweza kumpita kirahisi. Badala yake alimwonyesha kwa ishara aendelee, akaingia wa pili. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye angeitumia nafasi ile.