Boti ndogo ya uokoaji: yasemwayo na yaliyokuwa

Dhana: Boti ndogo ya mpira ya kuokoa watu iliwekwa pwani za Uingereza na Ayalandi kwa kuwa pesa za boti kubwa hazikutosha.

Ukweli: Boti kubwa zilikuwepo tele. RNLI, asasi ya hisani inayookoa watu baharini Uingereza na Ayalandi, ilianzishwa mwaka 1824. Kilichobadilika baada ya vita kuu ya pili ni watu wenyewe: walimiminika pwani kuogelea na kuendesha vijimashua vya tanga. Sasa boti ya tani nyingi utaifikishaje kwenye maji ya kiunoni, katikati ya miamba? Na anayezama hana nusu saa ya kukungoja. Ndipo mwaka 1963 zikaingia kazini boti za kujazwa upepo za aina ya D. Udogo ndio uliotafutwa.

Dhana: Ikitoboka au ikipinduka, kwisha habari.

Ukweli: Upepo wake umegawanywa katika vyumba mbalimbali, kimoja kikitoboka vingine vinaielesha. Kuhusu kupinduka, D ya siku hizi ina urefu wa mita 5 tu, na mabaharia wake wawili au watatu huigeuza wenyewe: wanashika kamba, wanajitupa nyuma kwa uzito wa miili yao, boti inainuka upande na kurudi sawa. Mashine yake ya nguvu za farasi 50 imetengenezwa iweze kuwashwa tena hata baada ya kuzama kichwa chini. Mimi hapo ndipo ninapoivulia kofia.

Dhana: Boti ya Atlantic 21, ndugu mkubwa kidogo wa D, ilipewa jina la bahari.

Ukweli: Jina ni la shule, Atlantic College, iliyoko St Donat's, kusini mwa Wales. Wanafunzi wake walikuwa wakitumia boti za mpira kuwalinda wenzao waliokuwa majini, na kitambaa cha chini kikawa kinachubuka na kutoboka kila mara. Wakabandika ubao. Kutoka kwenye kiraka hicho, wao na mkuu wao wa shule, Admirali Desmond Hoare, walijaribu umbo baada ya umbo hadi wakapata boti yenye tumbo gumu na mbavu za upepo. Atlantic 21 ilianza kazi mwaka 1972. Haki ya ubunifu Hoare aliiuzia RNLI kwa pauni 1. Boti za muundo huo leo zimezagaa duniani, za wanamaji na za wapiga mbizi, na wengi wanadhani zilitoka kiwandani.

Dhana: Wafanyakazi wa boti hizi za RNLI ni askari wa serikali.

Ukweli: Wengi wao ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine.

Dhana: Usukani ulikuwa wa wanaume peke yao hadi juzi.

Ukweli: Elizabeth Hostvedt, mwanafunzi wa Atlantic College ileile, alifuzu kuongoza boti ya uokoaji ya RNLI ya karibu na pwani mwaka 1969. Alikuwa na miaka 18.