Kabla ya kuuliza bei, uliza nani anaamua idadi

Nilikuwa barazani Wete, karafuu zimeanikwa mbele yetu, kijana mmoja akanionesha simu yake. Kuna sarafu ya mtandaoni inaahidi faida ya asilimia 20 kwa mwaka, na moja yake eti daima ni sawa na dola moja. "Hii si bora kuliko benki?" Nami nikamuuliza: nani anaamua sarafu hizo ziwe ngapi, na hiyo faida inatoka mfuko gani?

Wengi hudhani kripto, yaani sarafu hizi za mtandaoni, haina sera ya fedha, yaani uamuzi wa fedha ziwe ngapi na riba iwe kiasi gani. Inayo. Bitcoin imewekewa kikomo cha milioni 21. Dogecoin iliondolewa kikomo mwaka 2014, sasa huongezeka bilioni 5 kila mwaka. Kuna watu waliokaa wakaamua hivyo.

Uamuzi mbaya huiua sarafu. UST, ya kampuni ya Terraform Labs, nayo iliahidi dola moja, lakini hapakuwa na dola iliyowekwa kando kwa kila UST. Ukitaka kutoka, ulipewa sarafu nyengine, Luna, zenye thamani ya dola moja, zinazotengenezwa papo hapo.

Chukulia mtu anatoa vyeti, kila kimoja kinabadilishwa kwa karafuu za shilingi elfu kumi. Siku wote wanapovirudisha, karafuu zinajaa sokoni, bei inashuka, basi cheti kinachofuata kinadai pishi nyingi zaidi, na bei inazidi kushuka. Mwenye shamba angeishiwa karafuu mitini. Luna haikuishiwa, kompyuta iliendelea kuzitoa. Mwanzoni mwa Mei 2022 zilikuwa kama milioni 350. Katika siku chache zikapita trilioni 6, na bei ikaporomoka kutoka kiasi cha dola 80 hadi chini ya senti moja.

Watu walivutwa na riba ya karibu asilimia 20 iliyolipwa na Anchor, huduma ya kuweka akiba ya UST. Waliokopa huko hawakulipa kiasi cha kuitosheleza riba hiyo, ndipo Februari 2022 ukachomekwa msaada wa kama dola milioni 450. Badala ya kuishusha riba mapema, wenye mradi waliigharamia. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi.

Benki Kuu nazo hukosea. Lakini Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia riba yake kama dira ya sera, Januari 2024, ilitangaza asilimia 5.5 hadharani pamoja na sababu, na ipo sheria inayoibana. Ilishatangaza pia, Novemba 2019, kwamba kripto si fedha halali hapa nchini. Ukipoteza, huna kwa kukimbilia.

Tukatafuta pamoja kwenye simu ile maelezo ya nani hasa anayeilipa faida. Hatukuyapata. Fedha aliyotaka kuiweka ni ya karafuu za mama yake, zilizokuwa bado juu ya jamvi.