Kutu chini ya sinki: maswali kuhusu jiki, asidi ya choo na yale maziwa

Swali: Bawaba za kabati la chini ya sinki zimeliwa na kutu, za makabati ya juu bado zinang'aa. Bomba halivuji. Shida ni nini?

Angalia umeweka nini humo. Asidi ya choo mara nyingi ni ya haidrokloriki, na hiyo hutoa mvuke. Mfuniko usipokaza sawasawa, mvuke unatoka, unakutana na unyevu wa kabatini, unatua kwenye bawaba, skrubu na komeo. Jiki nayo hula chuma, hata kile tunachouziwa kuwa hakishiki kutu.

Swali: Nikinunua bawaba mpya?

Utanunua tena. Toa chupa kwanza, futa kabati kwa maji ya sabuni, liache wazi likauke.

Swali: Wewe ni muuguzi, kutu inakuhusu nini?

Mvuke unaokula bawaba ndio unaovuta ukiinama kuchukua sufuria. Mwenye pumu hahitaji kuelezwa. Ila mimi nikisikia habari ya kutu hiyo huuliza jambo moja: nyumbani kuna mtoto mdogo? Maana kabati lile liko usawa wa mikono yake, na asidi yenyewe aghlabu imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama ilivyonunuliwa kwa muuzaji wa mtaani. Mtoto anajua chupa ile ni ya maji. Hajakosea yeye.

Swali: Akinywa, nimpe maziwa, si ndiyo?

Hapana. Mvuke peke yake umekula chuma, halafu kikombe cha maziwa ndicho kitamaliza kazi kooni? Maziwa siyo dawa ya asidi.

Swali: Yai bichi? Mafuta ya kula? Nimtapishe?

Hapana. Hapana. Na kumtapisha ndiyo kabisa usithubutu: kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na kikipalia kitaingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi. Kama anaweza kutema, asukutue mdomo na kutema. Kama imemwingia machoni, mmiminie maji safi dakika 15 mpaka 20. Chukua chupa yenyewe, njoo nayo hospitali. Sasa hivi, siyo baada ya kumpigia shangazi.

Swali: Lakini jirani alimpa wake maziwa akalala vizuri.

Hadithi hii naisikia mno. "Alitulia, nikajua yamepita." Wanakuja kesho yake, mtoto anadondokwa na mate kwa sababu hawezi kuyameza. Wengine huonekana wamepona, kumbe kovu linajikunja ndani. Baada ya wiki kadhaa ugali haupiti, kisha uji haupiti. Hapo ni kupanuliwa koo kwa vifaa, tena na tena.

Swali: Midomo haina kidonda. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Midomo inaweza kuwa safi na koo limeungua. Maziwa hapana, kusubiri hapana.

Swali: Na kuchanganya jiki na asidi ili choo kitakate?

Hiyo ni gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ukishachanganya na kifua kikabana, toka nje uache mlango wazi, ndoo ibaki huko huko. Kifua kikiendelea kubana, hospitali. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Swali: Niziweke wapi basi?

Juu, asikofika mtoto, penye hewa, kwa kufuli ukiweza. Asidi isikae pamoja na jiki. Kila kitu kwenye chupa yake yenye lebo.

Swali: Chupa yake imepasuka. Nihamishie kwenye ya maji kwa muda tu?

Hapana. "Kwa muda tu" ndiyo maneno ninayoambiwa mapokezi, mzazi kambeba mtoto begani.