Njiti akinenepa, figo nazo zimefidia?

Wiki hii nimeisikia tena: "Daktari, alizaliwa njiti lakini ameshafidia. Si unamwona alivyo bonge?" Bonge mwenyewe, miaka saba, amekaa kwenye kitanda cha ultrasaundi anatafuna biskuti. Figo yake ya kushoto ina kijiwe cha ukubwa wa punje ya mchele.

Unene hauongezi nefroni, vile vichujio vidogo vya figo. Hizo huumbwa tumboni, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho, na kazi hufungwa kwenye wiki ya 34 hadi 36. Kwa njiti huendelea kidogo baada ya kuzaliwa, kisha basi. Figo ikikua, ni zile zile zimetanuka. Kuna mwenye nefroni laki mbili kwa figo moja na kuna mwenye zaidi ya milioni mbili.

Tena mirija ya figo za njiti bado michanga: inamwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo, na sitreti ya kuizuia isigande ni haba. Akipewa furosemaidi, dawa ya kukojosha, kwa ajili ya mapafu, kalsiamu inamwagika zaidi, na chokaa inaanza kutuama ndani ya figo. Kwa wengi hufifia miaka ya mwanzo. Sijasema kila njiti atapata mawe! Nasema msinifiche alivyozaliwa. Kitu cha kwanza ninachoomba ni kadi ya kliniki, na karibu kila mara naambiwa ilipotea tulipohama. Jamani, kikaratasi kimoja! Nikiona pale alizaliwa na kilo 1.3, napima kalsiamu na sitreti ya mkojo mapema, na presha naichunga.

Na mengine ninayoambiwa na wazazi kuhusu mawe ya figo: "Ni mchanga wa kwenye mboga." Mchanga ukimezwa unatoka na choo. Hauna njia ya kufika kwenye figo.

"Tumemkatisha maziwa, yana kalsiamu." Mmemponza. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti, kemikali ya vyakulani inayojenga mawe, huko utumboni ikatoka na choo badala ya kupita kwenye mkojo. Mkatisheni krispi na tambi za pakiti, zenye chumvi.

"Kichanga apewe maji, yasafishe figo." Kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha. Maji ninayoyadai ni ya huyu wa miaka saba: aende shule na chupa imejaa, arudi nayo tupu. Mwalimu akilalamika kwamba anaomba ruhusa ya chooni kila saa, mwambieni daktari ndiye aliyemtuma.