Slagi si peleti nzito: dhana potofu kuhusu risasi ndogo za bunduki za upepo

Kwa muda mrefu mwenye bunduki ya upepo alikuwa na chaguo moja la maana: peleti, kile kidude chenye kichwa cha mviringo, kiuno chembamba na sketi nyuma. Bunduki za PCP, zile zinazojazwa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 250 au 300, zimeifungulia mlango slagi. Ukiiweka kiganjani ni risasi kamili: silinda fupi ya madini ya risasi, pua yenye tundu, kitako bapa au chenye kibonde. JSB ya Ucheki, H&N ya Ujerumani, Zan ya Uingereza na NSA ya Marekani wote wanazitengeneza. Wengi hununua kopo moja, wakapiga risasi kumi, matundu yakatawanyika kwenye karatasi kama mbegu zilizomwagwa, kisha wakasema slagi ni mbovu. Mara nyingi slagi haina kosa.

Dhana: Slagi ni peleti nzito, unapakia na kupiga tu

Peleti inaruka kama mshale. Uzito wake uko mbele, sketi yake inaburutwa na hewa nyuma, na mburuto huo unainyoosha hata kama mtutu hauizungushi sana. Slagi haina sketi wala kiuno. Inaruka kama pia ya kuchezea: ikizunguka vya kutosha husimama imara, ikipungukiwa huanza kuyumba na mwishowe huenda ubavu. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye slagi linahusu mtutu: mifereji iliyosokotwa ndani yake inakamilisha mzunguko mmoja kwa milimita ngapi?

Kuna kanuni ya zamani ya Greenhill, ya mwaka 1879, ambayo bado inafaa kwa kuanzia. Chukua 150, zidisha kwa kipenyo, zidisha tena kwa kipenyo, gawa kwa urefu wa risasi. Slagi ya kipenyo cha milimita 5.5 yenye urefu wa milimita 8 inahitaji mzunguko mmoja kwa kila milimita 567 au chini ya hapo. Ikiwa na urefu wa milimita 10, hesabu inashuka hadi 454. Ikifika milimita 11, ni 412. Sasa, mitutu mingi ya bunduki za upepo iliyotengenezwa kwa ajili ya peleti ina msokoto wa karibu milimita 450. Mtutu huo utaibeba slagi fupi bila shida, ile ya milimita 10 itakuwa ukingoni kabisa, na ya milimita 11 itayumba. Ndiyo sababu bunduki ileile hupiga vizuri slagi ya greni 23 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) na kutapanya ya greni 30. Uzito hauna hatia. Tatizo ni urefu ulioongezeka pamoja nao.

Dalili iko kwenye karatasi. Tundu la slagi iliyotulia ni duara safi. Tundu lenye umbo la yai, au lenye alama nyeusi upande mmoja tu, linaonyesha kwamba slagi ilifika imeinama. Ukiliona hilo kwa mita 30, usisumbuke kurekebisha darubini. Tafuta slagi fupi zaidi, au mtutu wenye msokoto mkali zaidi. FX ya Sweden, kwa mfano, hutengeneza mabomba ya ndani ya mtutu yanayobadilishwa, mengine yakiwa kwa ajili ya slagi.

Dhana: 5.5 ni 5.5

Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Slagi za kundi la 5.5 huuzwa kwa vipimo vya inchi: .216, .217, .218, .219. Kwa milimita ni takriban 5.49, 5.51, 5.54 na 5.56. Kutoka kimoja hadi kingine ni kama milimita 0.025 tu, na kwa jicho huoni chochote. Ndani ya mtutu, tofauti hiyo inaamua kila kitu. Sketi ya peleti ni nyembamba. Hewa ikiisukuma hupanuka na kuziba mtutu yenyewe. Ubavu wa slagi ni mzito na haupanuki hivyo. Ikiwa nyembamba kuliko mtutu, hewa hupita pembeni, kasi hubadilika kila mpigo na mifereji haiikamati sawasawa. Ikiwa nene mno, nguvu ya hewa huishia kwenye msuguano, kasi hushuka na madini ya risasi hubaki yamepakwa kwenye chuma.

Njia ya kujua ni kuisukuma kwa mkono. Toa hewa yote kwenye bunduki kwa jinsi kijitabu chake kinavyoelekeza, toa magazini, hakikisha kwa macho kwamba mtutu ni mtupu, kisha uufungue. Ingiza slagi kwa upande wa kupakilia na uisukume taratibu kwa fimbo ya kusafishia isiyokwaruza. Sikiliza mkono. Inapaswa kuuma kidogo mwanzoni, kisha ikateleza kwa ukinzani uleule hadi mwisho. Ikilegea katikati, ni nyembamba. Ikihitaji kugongwa, ni nene. Ikiteleza vizuri halafu ikakaza sentimita chache kabla ya kutoka, umekutana na mbano wa mdomoni, ambao watengenezaji huuweka makusudi kwa faida ya peleti. Mitutu mingine yenye mbano hupiga slagi vizuri, mingine huikataa kabisa; karatasi ndiyo itakayosema.

Slagi ikishatoka, itazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona mistari iliyochorwa na mifereji ubavuni. Ihesabu na uizungushe. Mistari yote ikiwa na kina sawa, kutoka begani hadi karibu na kitako, umepata kipimo chako. Mistari ya upande mmoja ikififia, slagi imeingia imepinda au ni nyembamba. Unyuzi mwembamba wa madini ya risasi ulionyanyuka nyuma unaonyesha kwamba kuna ukingo mkali unaoinyoa inapopakiwa, kwa kawaida kwenye tundu ambalo hewa huingilia mtutuni. Ukingo huo hulainishwa na fundi. Kubadilisha kopo hakutausaidia.

Nunua vifurushi vidogo vya majaribio vya vipimo viwili au vitatu kabla ya kununua kopo kubwa.

Dhana: Kasi zaidi, shabaha bora zaidi

Kasi ya sauti hewani, kwa mita kwa sekunde, ni takriban 331 ukijumlisha 0.6 kwa kila digrii ya selsiasi. Kwa digrii 30 ni 349. Kwa digrii 10 ni 337. Risasi inapokaribia kasi hiyo, hewa inayoizunguka huanza kujikunja katika mawimbi ya mshindo, mburuto hupanda ghafla na kila dosari ndogo ya umbo huadhibiwa. Slagi nyingi ndogo hutulia kati ya mita 270 na 300 kwa sekunde. Peleti hupenda chini ya hapo, karibu 260 hadi 280.

Tofauti kati ya mpigo na mpigo ina uzito kuliko kasi yenyewe. Kwa mita 100, slagi inayotoka kwa 290 hushuka karibu sentimita 70. Kasi ikitofautiana kwa mita 6 tu kwa sekunde, mahali inapogonga hupanda au kushuka karibu sentimita 3, hata kama mpigaji hakukosea chochote. Kwa hiyo weka kronografu, yaani kipima kasi cha risasi, na upige kumi. Anza na nguvu ndogo ya springi ya nyundo, ile inayogonga vali ya hewa, ongeza robo mzunguko kwa zamu, andika kasi. Itapanda, itapanda, kisha itagoma. Hapo nyundo inapoteza hewa bure. Rudi nyuma mpaka kasi iwe pungufu kwa asilimia 3 hadi 5 ya kilele. Mara nyingi hapo ndipo mipigo hufanana. Ikiwa kilele chenyewe hakifiki 270, slagi hiyo ni nzito mno kwa bunduki yako. Shinikizo la regyuleta, kifaa kinachodhibiti hewa inayotumika kwa kila mpigo, lisivuke kikomo cha mtengenezaji kwa sababu yoyote ile.

Dhana: Slagi inaishinda peleti kila mahali

Tulinganishe kwa hesabu. Peleti ya 5.5 yenye greni 18, BC (kipimo cha jinsi risasi inavyoipenya hewa bila kupoteza kasi) ya karibu 0.033, inatoka kwa mita 270 kwa sekunde. Slagi ya greni 25, BC ya karibu 0.09, inatoka kwa 290. Upepo wa ubavuni ni mita 3 kwa sekunde, wa kutikisa majani tu. Kwa mita 100 peleti inasukumwa karibu sentimita 27, slagi karibu 9. Kwa mita 50 ni 7 dhidi ya 2.5. Kwa mita 25 ni kama 1.7 dhidi ya 0.6.

Kwa hiyo kwa anayepiga shabaha za mita 20 au 30, faida ni sentimita moja, na anailipia kwa risasi ghali zaidi, hewa nyingi zaidi na usumbufu wa kutafuta kipimo. Peleti nzuri ndiyo chaguo letu hapo, bila kusita. Slagi huanza kustahili gharama yake kuanzia mita 60 hivi.

Bunduki zenye nguvu ndogo ni hadithi nyingine. Uingereza na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haivuki futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Slagi ya greni 21 kwa nguvu hiyo hutoka kwa karibu mita 154 kwa sekunde, na kabla ya kufika mita 40 imeshashuka zaidi ya sentimita 30. Ujerumani, ambako kikomo cha kununua bila kibali ni jouli 7.5, hakuna cha kujadili.

Dhana: Tundu la puani lipo ili risasi ipanuke

Linaweza kufanya hivyo, kwa kasi ya kutosha na madini laini. Lakini tundu pia linairefusha slagi bila kuiongezea uzito na kupanga upya mizani yake. Kwa umbali mkubwa, kasi ikishapungua, tundu dogo mara nyingi halifunguki kabisa.

Dhana: Ukizichambua kwa mizani, umemaliza kazi

Mizani ya mfukoni inayosoma hadi gramu 0.01 haitoshi: hiyo ni greni 0.15, na tofauti nyingi kopo zima ziko ndani ya hapo. Unahitaji inayosoma gramu 0.001. Tofauti ya asilimia 1 ya uzito huleta kama nusu asilimia ya kasi, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100. Si kitu cha kukosesha usingizi. Kitako kilichochubuka ni kibaya zaidi. Slagi inapotoka mdomoni, hewa inayoifuata husukuma kitako. Kikiwa na kovu upande mmoja, husukumwa kombo pale pale. Zipange kwenye sponji au zitandazwe kwenye kitambaa, ukague vitako kwanza, mizani baadaye. Kopo linalogongana garini kwa saa tatu linaharibu zaidi ya kiwanda.

Dhana: Mtutu wa upepo hausafishwi

Bunduki hizi hazina baruti, kwa hiyo hakuna masizi ya kusugua. Lakini slagi inagusa mtutu kwa ubavu wake wote, ilhali peleti inagusa kwa kichwa na sketi tu. Madini ya risasi hubaki mtutuni. Kundi la matundu lililokuwa zuri likianza kupanuka bila sababu, pitisha vitambaa kutoka upande wa kupakilia hadi vitoke safi, kisha kimoja chenye mafuta kidogo sana ya kulainishia slagi. Piga kumi hadi ishirini kabla ya kuhukumu. Fanya hivyohivyo unapohama kutoka peleti kwenda slagi, au kampuni moja kwenda nyingine.

Kagua pia magazini na kiwambo cha sauti. Slagi ndefu haiingii kwenye magazini ya peleti au hunaswa inapozunguka, na kiwambo kilichofungwa kombo kidogo huguswa na slagi inayopita. Mkwaruzo wa kijivu kwenye tundu la mwisho la kiwambo unatosha kukueleza kwa nini risasi ya nne hukimbilia kushoto.

Dhana: Ni bunduki ya upepo tu

Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girardoni, ya risasi 20, na inaaminika kwamba moja ilisafiri na wavumbuzi Lewis na Clark kuvuka Marekani kati ya 1803 na 1806. Upepo haukuwahi kuwa mchezo wa watoto.

Slagi ya greni 25 kwa mita 290 kwa sekunde ina jouli 68. Hiyo ni karibu nusu ya risasi ya kawaida ya .22 ya baruti. Baada ya mita 100 bado ina karibu 48, mara tatu ya kikomo cha Uingereza tulichokitaja, ilhali peleti ya mfano wetu imebaki na 17 au 18. Na kwa kuwa ni ngumu ubavuni na haipotezi kasi haraka, hudunda juu ya mawe, maji na ardhi iliyokauka na kuendelea na safari. Kichaka si kizuizi. Uzio wa mbao si kizuizi. Kabla ya kununua, uliza polisi wa eneo lako sheria ya silaha inasemaje kuhusu bunduki za nguvu hiyo.

Kizuizi kinachofaa ni boma la udongo usio na mawe, au sanduku lenye mchanga mkavu au mipira ya magari iliyosagwa. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika slagi, wala usizishike huku unakula. Mchanga uchekechwe mara kwa mara, kwa sababu risasi zikishajaa mahali pamoja, slagi mpya inagonga risasi za zamani badala ya mchanga na vipande hurudi kwa mpigaji.