Je, wajua? Mkoromo hutulizwa kwa kusogeza taya mbele

Katika mji wa kale wa Lamu nyumba zimebanana, madirisha yanatazamana juu ya vichochoro, na usiku wa joto la kaskazi, wakati yote yako wazi, mkoromo wa nyumba moja husikika nyumba ya pili. Mwenye kuumia zaidi lakini ni yule anayelala kitanda kimoja na mkoromaji. Ndiyo maana wake kwa waume wanaulizia vile vifaa vya plastiki vinavyovaliwa kinywani usiku. Na kila anayeviona mara ya kwanza huuliza swali la haki kabisa: anayekoroma si pua? Mdomo unavalishwa kifaa wa nini?

Pua haikoromi. Sauti inatoka nyuma zaidi, pale kaakaa laini linapoishia, kimio kinaponing'inia na shina la ulimi linapokabili ukuta wa koo. Bomba la pumzi lililo chini ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) lina pete za gegedu zinazolishikilia lisibonyee. Sehemu iliyo juu yake, kutoka nyuma ya pua hadi kwenye zoloto, haina pete wala mfupa wa kuizunguka. Ni nyama na misuli mitupu, na ulaini huo ndio unaotuwezesha kumeza na kuzungumza. Mchana misuli hiyo iko kazini muda wote, inaweka njia wazi. Usingizi ukishika inalegea, njia inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa kasi zaidi, na nyama laini zinaanza kutetema. Mtetemo huo ndio mkoromo.

Pua iliyoziba huchangia kwa njia ya mzunguko: mtu huvuta pumzi kwa nguvu zaidi, na mvuto huo unazidi kuzikunja zile nyama za nyuma, au anaanza kupumulia mdomo. Kwa hiyo dawa ya mafua au plasta ya pua humfaa yule ambaye pua yake ndiyo inayombana. Mwingine atalala nayo na mkoromo ukabaki ule ule.

Lawama nyingine hutupiwa kimio. Katika pwani yetu, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kuna desturi ya muda mrefu ya kukata kimio, hasa kwa watoto wenye kikohozi kisichokoma. Hapa nasema bila kuzungukazunguka: kimio kisikatwe nyumbani, kwa sababu yoyote ile. Jeraha hilo limeleta kutoka damu nyingi, maambukizo na pepopunda. Na hata kwa mkoromo, kimio ni kimoja tu kati ya vinavyotetema. Njia ikiwa imebanwa nyuma ya ulimi, kimio kinaweza kuondoka na mkoromo ukabaki. Mtoto anayekoroma kila usiku mara nyingi ana mafindofindo makubwa au nyama zilizovimba nyuma ya pua. Huyo anahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na kifaa cha mdomoni cha watu wazima hakimhusu.

Lipo pia kosa ambalo limekaa katika lugha yenyewe. Mtu akipiga misono tunasema amelala fofofo. Kumbe huenda ndiye anayelala vibaya kuliko wote chumbani. Kwa baadhi ya wakoromaji njia inafunga kabisa au karibu kabisa, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unashtuka, misuli inakaza, anatweta, kisha anaendelea kukoroma. Yeye hakumbuki chochote asubuhi. Anajua tu kwamba kichwa kinamuuma na mchana anasinzia barazani. Pumzi ikikatika hivyo mara 5 hadi 14 kwa saa, madaktari huliita tatizo dogo. Kuanzia 30, kubwa. Likiachwa, huambatana na shinikizo la damu, na dereva mwenye usingizi wa namna hiyo ni hatari barabarani.

Sasa turudi kwenye taya. Ndani ya mfupa wa kidevu, upande wa nyuma, umejipachika msuli mkubwa unaotanuka kama upepeo wa mkono hadi ndani ya ulimi. Mtazame nahodha wa mashua akitoka Shela: demani, ile kamba inayolishika tanga, ikilegea, tanga linakosa mvuto na kuanza kupigapiga kwa kelele, ingawa upepo ni ule ule. Nahodha hakati kipande cha tanga. Anavuta demani, tanga linajaa na kutulia. Msuli ule ndio demani ya ulimi, na kidevu ndipo ilipofungwa. Usiku unalegea, ulimi unarudi nyuma, hasa mtu akilala chali. Ukisogeza kidevu mbele umeikaza kamba bila kuugusa ulimi, na hiyo ndiyo kazi ya kile kifaa cha mdomoni: kulishikilia taya la chini mbele usiku kucha.

Jaribu sasa hivi: sukuma taya la chini mbele hadi meno ya chini yatangulie ya juu, kisha jitahidi kukoroma. Wengi huona sauti inagoma kutoka.

Ajabu inayonivutia zaidi ni hii. Picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, zinaonyesha kwamba taya likivutwa mbele, koo nyuma ya kaakaa hutanuka zaidi kwa upana, kushoto na kulia, kuliko kwenda mbele. Sababu ni kwamba taya limeunganishwa kwa nyuzi na nyama na kaakaa laini na kuta za pembeni, nazo hukazwa pamoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mfaransa, Pierre Robin, alitumia wazo hilo kwa watoto wenye taya dogo ambao ulimi uliwaziba pumzi. Kwa watu wazima wanaokoroma vifaa vya aina hii vilianza kushika miaka ya 1980.

Cha bei nafuu huchovywa katika maji ya moto kisha kikang'atwa kipate umbo la meno. Cha daktari wa meno hutengenezwa kwa kipimo cha kinywa chako na husogezwa mbele kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mara nyingi hadi kati ya nusu na robo tatu ya umbali ambao taya lako linaweza kwenda. Cha kipimo hushika vizuri zaidi. Siku za mwanzo mate huwa mengi na taya huamka limechoka. Hayo kwa kawaida hupungua. Jambo la kufuatiliwa ni meno, kwa kuwa kifaa kikivaliwa miaka mingi huyasogeza na kubadilisha namna yanavyokutana. Mwenye meno yanayotikisika, ufizi mgonjwa, meno machache au maumivu ya kiungo cha taya amwone daktari kabla ya kununua.

Kabla ya hapo, yapo ya bure. Kiwiko cha mwenzako kinafanya kazi kwa sababu kinakugeuza ubavu, na ulimi hauanguki tena nyuma. Pombe na dawa za usingizi hulegeza misuli zaidi. Uzito ukipungua, mara nyingi mkoromo nao hupungua. Mjamzito aliyeanza kukoroma amwambie mkunga kliniki, kwa kuwa mkoromo huo umeonekana kuandamana na shinikizo la damu la ujauzito.

Na wewe unayelala pembeni ndiye shahidi anayehitajika. Rekodi usiku mmoja kwa simu, sikiliza kama kuna kimya kinachofuatwa na kutweta, nenda naye kwa daktari. Kikiwepo, kifaa cha kununua dukani kinaweza kuzima sauti huku pumzi ikiendelea kukatika, kwa hiyo kipimo cha usingizi kitangulie. Tatizo likiwa kubwa, tiba inayotegemewa zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyoelezwa na Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981.

Misuli yenyewe pia inaweza kufunzwa. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waligawa wagonjwa 25 mafungu mawili. Waliojifunza didgeridoo, baragumu refu la mbao la Australia, kwa miezi 4 walipungua kusinzia mchana na kukatika pumzi. Ni watu wachache mno kujenga juu yao tiba. Mwaka 2012 dodoso lilionyesha wapiga ala za jamii moja na zumari, kama obo na basuni, wana dalili chache za kukatika pumzi, lakini uchunguzi mwingine wa wanamuziki wa okestra haukuona tofauti kati ya wapuliza ala na wenzao.